Mama yao amekufa: nawalea vipi mbuzi wachanga wawili kwa chupa?

Mama wa Busia

Salamu kwenu nyote. Ninaishi Busia, upande wa Uganda, na nafuga mbuzi saba nyuma ya nyumba. Juzi usiku mbuzi wangu mmoja, mweusi wa aina ya Mubende, alizaa mapacha, akashindwa kutoa kondo la nyuma, na jana jioni akafa kabla daktari wa mifugo hajafika. Nimebaki na dume mwenye nguvu, ambaye mizani ya dukani ilionyesha kilo 1.8, na jike wa kilo 1.3 ambaye tangu alfajiri amejikunja pembeni, kichwa amekilaza ubavuni, wala halii. Dume nilimwona akinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kwa mama yake mara mbili tatu. Jike sina hakika.

Nimenunua chupa ya mtoto na maziwa ya ng'ombe, nikayachanganya nusu kwa nusu na maji, kwa kuwa niliambiwa ni mazito mno kwa mbuzi mchanga. Dume ananyonya kwa pupa mpaka anapaliwa. Jike, nikimpakata chali kama mtoto, maziwa yanamtoka puani. Jirani mmoja ananihimiza nitafute dang'a ya ng'ombe, mwingine nimpe glukosi, na mume wangu anasema jike nimwache, nishughulike na dume. Naomba ushauri wa aliyewahi kulea, si wa aliyesikia.

Mstaafu wa Mifugo, Tororo

Pole sana, mama. Jambo la kwanza, acha kumlaza chali. Maziwa hayo ya puani yamekosa njia, na huenda mengine yameshaingia kwenye mapafu. Katika miaka niliyozunguka vijijini, mbuzi wachanga wengi niliowaona wakifia mikononi mwa watu wenye huruma hawakufa kwa njaa, bali kwa homa ya mapafu iliyoanza kwa namna hiyo hiyo. Mbuzi hunyonya akiwa amesimama, shingo ameinyoosha mbele na juu kidogo, kama anavyofanya chini ya kiwele. Akikaa hivyo, ndani ya tumbo lake hujikunja mfereji unaoyapeleka maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne (mbuzi ana manne), ambako huganda na kumeng'enywa; yakimwagikia tumbo la kwanza huchacha humo, na utamwona amevimba ubavu wa kushoto.

Jambo la pili ni joto, nalo kwa huyo jike linatangulia maziwa. Mtie kidole kinywani. Ukihisi ubaridi, usimpe chochote cha kunywa, kwa sababu tumbo lililopoa halifanyi kazi. Kama una kipimajoto, kipitishe taratibu njia ya haja kubwa: mbuzi mchanga mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 40 hivi, na akiwa chini ya 37 yuko hatarini. Ikiwa bado anaweza kuinua kichwa, mweke ndani ya boksi lenye majani makavu ya migomba, umwekee ubavuni chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, na uibadilishe kila inapopoa. Ikiwa kichwa kinaanguka, mwite daktari kwanza, kwa maana mbuzi mchanga aliyekwisha kuishiwa sukari mwilini anaweza kupata degedege akipashwa joto kabla ya kudungwa glukosi. Kwa hiyo jirani wa glukosi hakukosea sana, ila si ya kumimina kwa chupa. Na tafadhali, usiwafungie katika chumba chenye sigiri ya makaa inayowaka; moshi wake usioonekana huua mbuzi na huua watu.

Kuhusu maji kwenye maziwa, aliyekuambia amekupotosha. Mbuzi wetu wa kienyeji hutoa maziwa machache, lakini si mepesi kuliko ya ng'ombe wa Friesian, na tumbo dogo namna hiyo ukilijaza maji unamnyima chakula huku ukidhani ameshiba. Mpe maziwa yenyewe, yaliyochemshwa kisha yakapoa hadi nyuzi 39 hivi. Ukiyadondosha kwenye kifundo cha mkono uhisi vuguvugu, si moto. (Nunua kwa mtu unayemwona akikamua. Maziwa ya kwenye jerikani huenda yameshatiwa maji kabla hujayatia wewe.)

Kwa kutwa nzima mbuzi mchanga anahitaji maziwa yenye uzito wa takriban asilimia 15 hadi 20 ya mwili wake. Dume wako basi apate mililita 270 hadi 360, jike 200 hadi 260, uyagawanye mara tano katika wiki ya kwanza: saa kumi na moja alfajiri, kisha kila baada ya saa nne au zaidi kidogo, ya mwisho iwe saa nne usiku. Usimwongezee dume kwa sababu analia. Anayelishwa kwa chupa hulia hata akiwa ameshiba, na kuhara kwa maziwa ya kupita kiasi ni kwepesi kukuletea msiba wa pili. Tundu la chuchu nalo litazame: chupa ikipinduliwa, maziwa yadondoke tone moja moja, yakitiririka, ndiyo hiyo pupa ya kupaliwa.

Dang'a sasa imechelewa kwa kazi yake kubwa. Mbuzi huzaliwa bila kinga, huipata kwa kunywa dang'a, na utumbo huiruhusu ipite kwenye damu kwa takriban saa 24 tu, zaidi sana zile 6 za mwanzo. Ukiipata mpe, haina madhara, lakini usipoteze siku nzima kuitafuta huku jike akipoa. Kama hakunyonya, mwambie daktari hivyo hivyo, na ukumbuke kupaka vitovu vyote viwili iodini.

Mfugaji wa Kabale

Nakubaliana na mzee wa Tororo, ila naongeza jambo moja. Katika wale mbuzi wengine, hakuna aliyezaa karibuni? Huku kwetu usiku ni baridi kali na chupa ni mateso, kwa hiyo nikipata yatima namtafutia mama. Mbuzi humtambua mwanawe kwa harufu, na hunusa zaidi chini ya mkia. Mwaka juzi nilikuwa na jike aliyefiwa na mwanawe. Nikamkamua, nikampaka yatima maziwa hayo mgongoni na mkiani, kisha nikamfunga jike nguzoni kamba fupi, nikamnyonyeshea mara nne kwa siku. Siku ya kwanza alimpiga teke likanipata mimi. Siku ya sita nilimkuta, bila kamba, anamlamba.

Kijana wa Arua

Huyo dume msimhasi tu mkasahau mengine. Sisi tulimlea mmoja ndani ya nyumba, watoto wakimsukuma paji la uso kwa mchezo. Alipofika mwaka mmoja alimwangusha bibi yetu penye kisima, kwa kuwa alituona sisi ni mbuzi wenzake wa kupimana nao nguvu. Watoto wako wawakataze mapema, na mapacha hao wakae pamoja, karibu na kundi.

Mama wa Busia

Asanteni nyote, hasa mzee wetu. Kinywa cha jike kilikuwa baridi kama mtungi. Kichwa alikuwa anakiinua kwa shida, nikampasha joto kwa chupa kwa muda wa saa mbili na nusu, nikampigia daktari, naye alipofika alimsikiliza mapafu, akamdunga dawa, akaniachia mpira mwembamba wa kupitishia maziwa na kunionyesha mara mbili namna ya kuupima kwa nje kabla ya kuuingiza. Leo ni siku ya nne. Tangu jana ananyonya mwenyewe akiwa amesimama katikati ya magoti yangu, mililita 45 kwa mara moja. Kinyesi kilikuwa kimemgandia mkiani, cha njano na cha kunata, nikakiosha kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Ninaye mbuzi mwingine atakayezaa kabla ya mwezi kwisha, lakini sitaki kumtegemea. Swali jingine: majani nianze kuwapa lini, na chupa niiache lini?

Mstaafu wa Mifugo, Tororo

Kuanzia wiki ya pili watundikie malando ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo, na maji safi yasikosekane. Watachezea kwanza, kisha watatafuna. Chupa usiiache kwa kuhesabu siku tu. Subiri wafike wiki ya nane hadi ya kumi na mbili, wawe wanakula vizuri na wamefika walau mara mbili na nusu ya uzito wa kuzaliwa, ndipo upunguze mlo mmoja mmoja. Wakianza kuhara baada ya wiki ya tatu, hasa ukiona damu, usidhani ni maziwa. Peleka kinyesi kipimwe koksidia, vijidudu vya utumboni vinavyoharisha. Na banda liwe kavu.

Mama wa Busia

Nimeelewa, mzee. Mizani ya leo: dume kilo 2.1, jike 1.4. Mume wangu, yule wa kusema nimwache, ndiye aliyempa maziwa ya alfajiri.