Darasa la malezi kwa wazazi wapya: tunamwita nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Kuna wanaotaka kila anayetarajia mtoto wa kwanza apitie darasa la malezi, tena liwe la lazima. Wapinzani wanajibu kwamba mababu walilea bila cheti. Mimi niko upande wa darasa, ila naona tunakosea watu wa kuwaita.

Mke wangu alijifungua mwaka jana. Kliniki walishamfundisha: maziwa ya mama pekee miezi 6, hata maji hapana, kitovu kiachwe kikavu. Usiku wa tatu mtoto analia, maziwa bado hayajatoka sawasawa, mama yangu huyo katoka jikoni na kikombe cha maji ya sukari. "Ana njaa huyu, mnamtesa." Mke wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta. Mtoto akanyweshwa.

Sasa nani hapo alikosa darasa? Mke alikuwa anajua. Mwenye sauti ndani ya nyumba hakujua, na mimi niliyepaswa kusema sikuwa na la kusema, maana siku za kliniki nilikuwa nakaa nje nachezea simu. Kwa hiyo natetea darasa la lazima, na baba na bibi wawemo.

Bibi wa Tanga
Mwanangu, msiseme hatukuwa na darasa. Tulikuwa na somo, tulikuwa na kungwi, wale wanawake wa kutufunda, na mzazi alikaa ndani siku arobaini akikandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Hakuachwa peke yake. Nyinyi mmepanga chumba kimoja huko mjini, mtoto akipiga chafya ndiyo mnanipigia simu.
Lakini kweli niseme. Ile dang'a, maziwa ya mwanzo ya njano, sisi tulikamua tukamwaga, tukiambiwa ni uchafu. Nesi ndiye aliyenieleza, nikiwa na wajukuu tayari, kwamba tulikuwa tunamwaga kinga ya mtoto. Niiteni, nitakuja. Ila msinikemee mbele ya mkaza mwanangu.

Baba Mapacha
Mkuu, neno "lazima" ndilo linanitisha. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama siku 84, wa mapacha 100. Baba siku 3, nazo uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mimi zangu ziliishia kwenye foleni ya dawa. Wenzetu Kenya baba ana wiki 2. Hilo darasa nitaingia saa ngapi? Na dereva wa bodaboda asiye na mkataba, siku ya darasa nyumbani watakula nini?
Halafu lazima za kwetu huwa fimbo kwa mwanamke. Shemeji yangu alikwenda kliniki bila mume, akarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ongeza na cheti cha darasa, wengine wataamua kubaki nyumbani.

Nesi mstaafu
Ndugu zangu, somo lipo. Tatizo tunalitoa asubuhi kwa mama aliyekaa benchi tangu alfajiri, anawaza namba yake tu. Mkinipa nusu saa na akina baba, nitasema mawili. Kwanza, mtoto mchanga akiacha kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akistuka degedege au joto likifika nyuzi 37.5, twende hospitali usiku huohuo, tusingoje kupambazuke. Pili, kubemenda, ile imani kwamba mtoto hudhoofu kwa sababu ya ngono ya wazazi wake. Mtoto akidhoofu, baba anaanza kumhoji mke alilala na nani, wakati mtoto ana nimonia au hashibi. Nimeona ndoa zikivunjika kwa neno hilo, na mtoto hajapimwa hata uzito.

Mwanzisha mada
Shikamoo Bibi. Baba Mapacha, hoja ya barua imenishinda, "lazima" naiondoa. Ya kuwaita akina bibi naibakiza, na nusu saa ya nesi iwe Jumamosi.
Mama yangu nimemsomea yote haya. Anasema yale maji ya sukari yalikuwa matone mawili tu. Kilikuwa kijiko kizima, tena aliongeza.