Naombeni ushauri wakuu: niuze magari yangu ya sloti ninunue usukani wa simuleta?

MwanaLeicester:
Habari za usiku wakuu, naombeni ushauri maana wiki ya tatu hii silali vizuri. Mimi nipo Leicester huku Uingereza, kazi ni ghala, shifti ya usiku. Hobi yangu ni magari ya sloti, yale madogo ya 1/32 yanayokimbia kwenye njia ya plastiki yenye mfereji katikati, umeme unapita kwenye vyuma viwili pembeni ya mfereji na wewe unaendesha kwa kidole kimoja tu. Klabu yetu tulikuwa tunakutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, gari 6 kwenye njia 2, ukitaka kumpita mtu unabonyeza kitufe gari inahamia njia ya pili. Ukumbi umepandishwa kodi, klabu imekufa tangu Machi. Wenzangu karibu wote wamehamia kwenye simuleta, yaani kuendesha gari kwenye kompyuta kwa usukani na pedali, wanashindana iRacing, gemu la mbio la mtandaoni, kila Alhamisi ile ile saa ile ile, mimi tu ndo nimebaki nje nasoma meseji zao kwenye grupu.

Nina kama pauni 900 zinakuja. Je, ninunue usukani gani? Na aliyezoea kidole kimoja anaweza kuzoea usukani na pedali au ni kutupa hela?

Dogo_Ubungo:
Kaka usianze na usukani, anza na pedali. Mi natumia usukani wa Logitech G29, ndani ni gia, ina kelele lakini imenifundisha. Kwa 900 chukua usukani mdogo ule ambao shafti imefungwa moja kwa moja kwenye mota, halafu breki inayopima nguvu ya mguu sio inayopima pedali imeshuka kiasi gani, hapo ndo raundi zako zitalingana moja baada ya nyingine. Ila ujue iRacing inakula hela, unalipia uanachama halafu gari na barabara unanunua moja moja. Gemu lingine la mbio, Assetto Corsa ya 2014, unanunua mara moja basi. Mimi huku Dar kinachoniua ni pingi, yaani mtandao kuchelewa, gari ya mwenzangu naiona inarukaruka mbele kama chura, nikimgusa nakatwa pointi na sijafanya kosa.

Mama_Shamsa_Tanga:
Mwanangu achana na mambo ya sloti. Mtaani kwetu yale madubwi yameingia mpaka kwenye duka la mangi, watoto wanaiba sarafu za mama zao. Mtu mzima uko ulaya badala ya kujenga unatia hela kwenye mashine.

MwanaLeicester:
Shikamoo mama. Sio dubwi mama, sio kamari kabisa. Ni magari madogo ya mashindano, ya kampuni ya Scalextric yalianza 1957 hapa hapa Uingereza. Watu wazima wanacheza, wengine wana miaka 80.

Mama_Shamsa_Tanga:
Marahaba. Miaka 80 anachezea gari? Haya.

Mazee_wa_Nakuru:
Hapo kwa usukani nisikilize mimi buda. Safari Rally iliporudi WRC, ile rally ya dunia, 2021 tulienda Naivasha na maboy zangu, vumbi ilikuwa imejaa hadi kwa meno, na tangu siku hiyo sijataka gemu ingine isipokuwa ya rally. Ile WRC ya EA Sports ya 2023 iko na Safari Rally Kenya ndani, unaskia mawe yakigonga chini ya gari. Nilianza na pad ya PlayStation, sasa niko na usukani wa mtumba nilitoa Luthuli Avenue, pedali ya clutch imekufa lakini naendesha tu. Wachana na kuzungushwa kwa lami raundi hamsini.

FundiSolda:
Nipo Hamburg, nina njia ya sloti ya Carrera sebuleni miaka tisa sasa kwa hiyo hili nalijua. Swali lako la kidole ni zuri na hakuna aliyelijibu. Inategemea ulikuwa unakimbiza na sumaku au bila sumaku. Gari yenye sumaku chini inang'ang'ania njia mpaka dakika ya mwisho halafu inaruka ghafla, haikufundishi kitu. Bila sumaku mkia unateleza kwanza, unausikia kwenye kidole, unalegeza kidogo mota inashika breki, mkia unarudi. Mtu wa namna hiyo akikaa kwenye simuleta anaelewa haraka kwa nini ukiachia gesi ghafla katikati ya kona gari inayosukumwa na matairi ya nyuma inageuka. Kitakachokusumbua ni macho. Umezoea kuiangalia gari kutoka juu, sasa unawekwa ndani yake.

Halafu umesema hela "zinakuja". Zinatoka wapi?

MwanaLeicester:
Asante sana mkuu, bila sumaku, klabu yetu sumaku zilikuwa marufuku. Hela nauza magari. Nina 31 ya kawaida na mengine 12 ya zamani zamani.

FundiSolda:
Zamani kivipi?

MwanaLeicester:
Vanwall na Lotus 16 za Scalextric za 1960, zile za mwanzo za plastiki. Na Maserati 250F ya bati.

FundiSolda:
Maserati ya bati ni ya mwanzo kabisa hiyo, enzi za Fred Francis mwenyewe, mwanzilishi wa Scalextric, kabla hajauza kiwanda. Mtu wa shifti ya usiku hanunui hiyo kwa bahati mbaya. Umeipata wapi?

Dogo_Ubungo:
Mbona unamhoji kama afande, yeye kaomba usukani

MwanaLeicester:
Sawa nitasema. Yale 12 ni ya mzee mmoja wa klabu, Mwingereza, ana miaka 84. Nilipofika hapa sijui mtu yeye ndo alinishika mkono akaniingiza klabu, akanipa kontrola yake akasema jaribu. Novemba alipata kiharusi, nyumba imeuzwa, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mtoto wake yuko Australia akaniambia kwenye simu vitu vya baba vya kuchezea chukua vyote mimi sina pa kuweka. Mzee mwenyewe alisema kwa shida, nitunzie. Hakusema mpaka lini.

Sasa msinihukumu. Yuko kwenye kiti, mkono wa kushoto umekufa, hata chumba chake hakina nafasi ya meza. Magari yanakaa kwenye boksi chini ya kitanda changu, mpira wa matairi unakauka na kupasuka tu. Si bora yaende kwa mtu atakayeyathamini? Kuna mtu wa Manchester ameshanipa pauni 200 za kuanzia, anakuja Jumamosi kuchukua.

Mama_Shamsa_Tanga:
Kwa hiyo ulishauza ndo unakuja kuomba ushauri. Mwanangu, amana ni amana hata iwe sindano. Mtoto wake kasema chukua, mzee kasema nitunzie. Mwenye mali ni nani hapo?

Bwana_Matrah:
Mimi nipo Muscat, naomba nieleze yangu. Mwaka 2009 rafiki yangu alirudi Unguja kumuuguza mama yake akaniachia pikipiki, akasema miezi mitatu. Ikapita miaka miwili, namba yake haipatikani, pikipiki inaliwa na kutu pale nje, nikaiuza riyali 180. Mwezi mmoja baadae ananipigia, yuko uwanja wa ndege, anaulizia pikipiki hata kabla ya kuulizia watoto. Nilimlipa mara mbili yake na bado mpaka leo tukikutana msikitini salamu inakuwa fupi. Sikwambii ufanye nini, nakwambia ilivyokuwa.

Kijiti_cha_Saba:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni CHAI. Post ya kwanza magari yake, ya pili magari ya zamani, ya tatu mzee ana kiharusi, kesho atakuja kusema mzee ni mfalme wa Uingereza. Nilikaa hapo Leicester miaka minne sijawahi kuona klabu ya hivyo

FundiSolda:
Klabu za hivyo zipo nyingi tu Uingereza. Ila na mimi kuna kitu kinanikwaza. Mleta uzi ulisema gari 6 kwenye njia 2 zinahama njia kwa kitufe. Hiyo ni dijito, Scalextric wameileta 2004, na kila gari lazima iwe na chipu ndani ndo itii kontrola yake. Vanwall ya 1960 haina chipu. Huyo mzee alikuwa anaikimbizia wapi?

Kijiti_cha_Saba:
Kimyaaa. Modi fungeni uzi

Mazee_wa_Nakuru:
Story za jaba hizi hadi nilikuwa nimeskia vibaya kwa huyo mzee

MwanaLeicester:
Nilikuwa kazini, simu hairuhusiwi sakafuni. Mkuu FundiSolda swali lako ni la haki. Njia zilikuwa mbili. Ya dijito ilikuwa mali ya klabu, imeuzwa kulipa deni la ukumbi. Ya mzee ni analogi, njia mbili, kila mtu na mfereji wake, alikuwa anaitandika kwenye meza ya chai baada ya mashindano, tunabaki mimi na yeye. Anayo daftari, kila gari ina ukurasa, raundi yake bora na tarehe na nani aliendesha. Kwenye ukurasa wa Vanwall raundi bora ni jina langu. Sikuitaja njia yake kwa sababu na yenyewe imo kwenye mauzo.

FundiSolda:
Basi naomba radhi, mtu wa chai hajui hayo.

Sasa usukani weka pembeni. Mkono upi wa mzee unafanya kazi?

MwanaLeicester:
Wa kulia.

FundiSolda:
Kontrola ya sloti inahitaji mkono mmoja. Simuleta inataka mikono miwili na miguu, hiyo hawezi. Vipande vinane vya kona na vinne vya kunyooka vinakaa kwenye ubao unaoegemezwa juu ya kitanda cha wagonjwa, transfoma moja, gari moja. Umewahi kumpelekea?

Dogo_Ubungo:
Na usukani anunue lini sasa? Kaka uza yale 31 ya kwako, utapata pedali na G29 ya mtumba, Alhamisi uko na wenzako. Kuanza na ya mtumba sio dhambi

MwanaLeicester:
Sijawahi. Nikienda nabeba machungwa tu, nakaa nusu saa. Kusema kweli nilikuwa naogopa akiona magari atauliza mengine yako wapi.

Leo baada ya shifti nimepiga simu, nesi amemshikia simu sikioni. Maneno yanatoka polepole sana. Ameuliza kama Vanwall nimeshaibadilishia matairi ya nyuma.

Mama_Shamsa_Tanga:
Na umebadilisha?

MwanaLeicester:
Bado mama. Nimeyaagiza leo, yanafika Ijumaa. Yule wa Manchester nimemwandikia meseji ya kumrudishia 200 yake, nimeifuta, nimeiandika tena. Nakunywa maji kwanza halafu naituma.