MREJESHO: Zamu yangu na dhamiri yangu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza: mimi ni mkunga hapa Tanga, imani yangu hainiruhusu kushiriki kutoa mimba, je, sheria inanilinda nikikataa? Nashukuru mno kwa majibu yenu.

Nilimwendea metroni, nikampa shikamoo, nikamweleza bila kuficha. Hakunifokea. Alinisomea ibara ya 19 ya Katiba ya 1977, inayolinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni ngao yako, lakini si ruhusa ya kumwacha mama afe." Kwetu kutoa mimba ni kosa, ila kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake.

Aliyenitajia Uingereza alinisaidia sana. Sheria yao ya 1967 inamruhusu mhudumu kukataa kwa dhamiri, isipokuwa pale matibabu yanapohitajika kuokoa maisha ya mama au kumkinga na madhara makubwa ya kudumu. Na mwaka 2014 wakunga wawili wa Glasgow walishindwa Mahakama ya Juu: kinga ni ya anayeshika kazi kwa mikono yake, si ya msimamizi wa zamu. Hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Tumekubaliana niseme mapema, kabla ratiba ya zamu haijapangwa. Lakini mama akiletwa anavuja damu, mimba imeshaharibika, namhudumia, hata kama ameitoa mwenyewe. Juzi alikuja mmoja. Nilimshika mkono mpaka alfajiri; leo karuhusiwa.