Mrejesho: pfSense ndani ya Proxmox au kwenye mashine yake peke yake
Wakuu, ni mimi wa Mtwara niliyeuliza mbona pfSense yangu (ile programu ya ruta na faya-wolu) ndani ya Proxmox (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwenye seva moja) inatoa mega 3 wakati laini ni ya mega 100. Aliyesema nizime cheksamu ya hadwea (kuiachia kadi ya mtandao kazi ya kuhakiki data) kwa kuwa kadi ni za virtio, yaani kadi pepe za Proxmox, ubarikiwe sana mkuu, nimetiki kale kaboksi ka kuizima kwenye mipangilio ya pfSense nikariboot ikapanda mpaka 90 na kitu.

Nikajitia ujuaji nikafuata na ule ushauri mwingine wa kuihamishia pfSense kwenye kidesktop kizee, iwe peke yake, spidi ile ile, tena kadi yake ya mtandao ya Realtek ikawa inakata kata hadi wateja wangu wa neti wa hapa Shangani wakaanza kunipigia. Nimerudi Proxmox. Ila kwa kuwa pfSense iko ndani ya seva, nikiiriboot mtaa mzima hauna neti, hapo bado sijapata dawa. Asanteni sana.