Tupeane uzoefu: neno "lead" limewahi kukuumbua wapi?

Kijana wa Nyasaka (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Umeme umekatika huku Nyasaka, nimeona nilete uzi huu kabla simu haijaisha chaji.

Kisa changu ni cha mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye maabara moja ya kupima dhahabu hapa Mwanza. Wachimbaji wanaleta mawe, sisi tunawajibu tani moja ina gramu ngapi. Kwa wasioijua kazi hiyo: unachukua unga wa mwamba, gramu 30 au 50, unauchanganya na dawa za kuyeyushia ambazo kubwa yao ni oksidi ya risasi, ile risasi ya madini. Unaingiza tanuruni kwenye joto linalopita nyuzi 1,000. Risasi inayeyuka, inazama chini huku inaikusanya dhahabu njiani. Ukishamimina na kikapoa, unagonga kwa nyundo, takataka zinapasuka kama kioo na unabaki na kidonge cha kijivu, kidogo lakini kizito mkononi. Kidonge kinarudi motoni ndani ya kikombe maalumu kinachoifyonza risasi yote, na mwisho unakuta tone limekaa chini ya kikombe, dogo kuliko kichwa cha pini. Hiyo ndiyo dhahabu, pamoja na fedha kidogo.

Sasa, mlango wa chumba cha tanuru ulikuwa na bango la Kiingereza la kuonya kwamba risasi ni sumu. Siku ya mafunzo ya usalama msimamizi akanichagua mimi nisome kwa sauti, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo. Nikakohoa kidogo, nikasoma kwa kujiamini: "Liid is poisonous."

Kimya. Kisha mzee mmoja wa kwenye mashine ya kusaga mawe akasema kutoka nyuma, "Uongozi ni sumu? Hilo tunalijua siku nyingi, mwanangu. Endelea tu kusoma."

Niliondoka pale baada ya miaka mitatu, na hadi siku ya mwisho nilikuwa naitwa Uongozi.

Madini yanatamkwa "led", kuongoza ndiyo "liid", na herufi ni zile zile nne. Nani mwingine limemkuta? Tupeane uzoefu.

Mama Pacha

Hahahaha Uongozi! Mbavu zangu jamani.

Mvuvi Mstaafu

Mkuu mleta mada, wewe ulichekwa tu. Mimi lilinila hela.

Nauza vifaa vya uvuvi Kirumba, karibu na Mwaloni. Nyavu zina kamba mbili, ya juu ina maboya na ya chini ina risasi, ili wavu usimame wima majini. Hiyo ya chini dukani tunaiita kamba ya risasi, na kwenye katalogi za Kiingereza imeandikwa "lead line". Kuna kipindi ilikuwa adimu hapa mjini, nikapata mtu wa Kampala anayeuza. Yeye Kiswahili hajui, Luganda mimi sijui, kwa hiyo tulikuwa tunaongea Kiingereza, kila mtu cha kwake.

Kabla sijapiga simu, mpwa wangu aliyekuwa likizo akanisikia nafanya mazoezi. Akanirekebisha: "Mjomba, siyo liid laini. Sema led laini." Nikamshukuru kabisa. Nikapiga simu, nikasema kama nilivyofundishwa, rola mbili. Jamaa akaniuliza, "Led line?" Nikamjibu yes, led. Akauliza mita ngapi, nikamtajia. Hela nikatuma.

Mzigo ukaja na basi, umepita Mutukula na Bukoba. Nafungua boksi nakuta taa. Utepe wa taa za LED, rola mbili, nyeupe pee, na vibanio vya kufungia kwenye betri!

Ukimlaumu yule bwana utamwonea. Ziwani kote siku hizi "ledi" ni taa. Zamani dagaa tulikuwa tunavua kwa karabai, mtu anabeba mafuta ya taa na kuombea upepo usimvunjie kioo. Sasa ni taa za ledi na betri. Mvuvi akikuomba ledi jua anajiandaa kwenda giza, hana habari na kamba ya chini ya wavu. Kwa hiyo siku niliyotamka vibaya ningeeleweka, na siku niliyotamka kama Mwingereza nikaletewa taa.

Kijana wa Nyasaka (mleta mada)

Mzee wangu pole, ila nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Na hiyo betri ya kuwashia taa, kama ni ya asidi, ndani yake kuna nini? Risasi. Ungemwambia hivyo yule bwana wa Kampala.

Mvuvi Mstaafu

Hilo la betri nimelijua leo. Siku ile nilichojua ni kwamba hela imekwenda.

Dada wa Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, sitataja wapi. Hospitali neno hili unakutana nalo mara mbili kwa siku moja na kila mara lina sauti yake.

Asubuhi upo chumba cha eksirei. Mtu anayebaki ndani kumshikilia mtoto anavaa aproni nzito ya risasi, maana risasi inazuia mionzi. Hiyo ni "led". Mchana upo wodini, daktari anaagiza kipimo cha moyo, kile cha kubandika waya kifuani, mikononi na miguuni. Kinaitwa cha "lead" 12, na hapo ni "liid". Nikiwa mwanafunzi nilihangaika na hiyo 12. Nilihesabu waya nikapata 10, nikahesabu tena, nikaenda kumwambia msimamizi kwamba mashine imepungukiwa waya mbili. Akanitazama kwa huruma. Kumbe waya ni 10, na 12 ni idadi ya pande ambazo mashine inautazama moyo kwa kutumia waya hizo hizo.

Lingine nataka mama zetu walisikie. Usiku mmoja mama alikuja mbio, mtoto kajichoma kiganjani kwa penseli na ncha imekatikia ndani. Mama amesoma, anajua penseli kwa Kiingereza ina "lead" na anajua "lead" ni sumu, amelia njia nzima. Ile ncha siyo risasi. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na mchanganyiko huo ulitokana na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Jina la risasi lilibaki kwa sababu Waingereza walipoipata grafiti kule Borrowdale, karne ya 16, waliidhania ni aina ya risasi. Tulimtoa kipande, tukasafisha kidonda, wakarudi nyumbani.

Bitozi wa Makoroboi

Nasanifu vipeperushi, kadi za harusi na fulana. Kwenye programu ya kupangia maandishi kuna sehemu ya kurekebisha nafasi kati ya mstari na mstari, imeandikwa "leading". Miaka sita nimekuwa nikisema "liiding", na niliyemfundisha kazi anasema hivyo hivyo hadi leo. Kumbe ni "leding". Enzi za herufi za chuma, mafundi walikuwa wanapachika vipande vyembamba vya risasi kati ya mistari ili ipumue. Sijamwambia dogo bado. Naona aibu.

Tuza Point

Wadau, kondakta wangu wa zamani alikuwa anaamini kibandiko cha "unleaded" kwenye pampu ya sheli maana yake mafuta yasiyo na kiongozi. Alikuwa ananishauri tusijaze pale, tuendelee mbele. Nilimwambia risasi iliondolewa kwenye petroli Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kibandiko ni cha kututoa wasiwasi tu. Hakukubali.

Ticha wa Visiwani

Habari za usiku. Nafundisha Kiingereza Ukerewe, nimepita kimya kimya lakini hapa imebidi nichangie.

Kosa la kutamka mimi silihesabu sana. Linaloniumiza liko kwenye maandishi. Mwanafunzi anajua kusoma ni "read", na jana alisoma ni "read" pia, herufi hazibadiliki, sauti tu ndiyo inageuka kuwa "red". Basi akifika kwenye kuongoza anafuata njia ile ile, anaandika "Yesterday he lead us." Akisoma kwa mdomo anasema "led", sawasawa kabisa, kwa hiyo masikio yangu hayamkamati. Namkamata kwenye daftari. Wakati uliopita huandikwa "led", herufi tatu. Mwaka jana nilisahihisha madaftari ya mikondo miwili nikiwa kwenye kivuko narudi kisiwani, upepo ulikuwa mkali na kalamu inacheza, na kosa hilo nililikuta mara nyingi kuliko mawimbi.

Na msihangaike kutafuta undugu kati ya kuongoza na risasi. Hakuna. Ni maneno mawili tofauti tangu Kiingereza cha kale, yamekuja kukutana kwenye tahajia tu, kama abiria wawili waliokaa siti moja.

Mzalendo Halisi

Mimi naona tunajichosha. Lugha inaandika hivi inasema vile, halafu tunaochekwa ni sisi. Kiswahili ukiona herufi unatamka, basi.

Ticha wa Visiwani

Ndugu Mzalendo, nisomee hii: "Barabara imejengwa barabara."

Mzalendo Halisi

Mwalimu shikamoo. Nimerudi kukaa.

Ticha wa Visiwani

Marahaba. Ya kwanza mkazo uko kwenye silabi ya tatu, ya pili uko kwenye silabi ya pili, na maandishi hayakuonyeshi. Halafu hiyo risasi yenyewe, mtu akikwambia "nimenunua risasi", utamuuliza za kuvulia au utakimbia?

Mvuvi Mstaafu

Mwalimu umenigusa. Kuna mteja mgeni, siyo mtu wa ziwani, alinisikia namwambia kijana wangu "mtolee mzee risasi kilo tano". Aliacha chenji yake mezani.

Mama Pacha

Jamani nilale saa ngapi mimi 😂😂

Kijana wa Nyasaka (mleta mada)

Wabeja sana wakuu, umeme umerudi. Mzee wa Kirumba, zile taa za Kampala uliishia kuzifanyaje?

Mvuvi Mstaafu

Rola moja niliuza kwa watu wa dagaa wa Igombe, walifurahi, wakarudi kuulizia nyingine. Ya pili mpwa wangu aliizungusha kwenye kibao cha duka, inawaka hadi usiku wa manane. Kamba ya risasi nilikuja kuipata baadaye, nilimtumia yule bwana picha.