Samaki wa mapambo kutoka nje wapigwe marufuku?

Kijana wa Lanet: Habari ya samaki-simba mwekundu imenitisha. Kule Florida watu walimfuga kwenye matangi ya vioo kwa urembo, wakachoka naye, wakammwaga baharini. Sasa amejaa mpaka Karibiani, anafagia samaki wadogo wa miamba, na wanaomwinda ni wachache. Jike mmoja hutaga hadi mayai milioni 2 kwa mwaka! Na hapa Nakuru kila hoteli mpya inataka tangi mapokezi. Tupige marufuku au tungoje?

Mstaafu Milimani: Marufuku. Chanzo ni kimbunga Andrew, 1992. Tangi lilipasuka, wakatoroka sita tu. Sita!

Bin Kilindini: Shikamoo mzee, ila alishaonekana Florida 1985. Kimbunga kilimkuta mwenyeji. Halafu huyu ni wa maji chumvi, ukimtia Ziwa Victoria anakufa. Jamaa yake wa karibu yuko kwetu Pwani tangu jadi wala hajaharibu kitu. Utamkuta mchana chini ya jabali, kajitandaza mapezi kama kuku anayeatamia. Mapezi hayo mapana ya ubavuni hayana sumu, ni ya kuwabana samaki wadogo kabla ya kuwameza. Sumu iko kwenye miiba, 13 mgongoni na mingine michache tumboni na nyuma. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji moto kadiri unavyovumilia, sumu yake huharibika kwa joto, kisha nenda hospitali. Nyama yake haina sumu, Wamarekani wanamkaanga. Nyinyi watu wa ziwa hata mngemwona mngemla, hamwulizi samaki katoka wapi.

Nyar Obunga: Ati hatuulizi? Umekuja Kisumu kutafuta kazi, unakula kwetu, halafu unatutukana?

Bin Kilindini: Dada, sijatukana. Mbuta, yaani sangara, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, wakati wa mkoloni. Kufika miaka ya 80 kajaa ziwa zima, fulu, wale samaki wadogo wa asili, wakakaribia kuisha, wanasema zaidi ya aina 200 hazionekani tena. Samaki-simba wenu ndiye huyo.

Jatelo wa Dunga: Fulu alikuwa miiba mitupu, tusidanganyane. Mbuta ndiye aliyenilipia karo ya watoto.

Nyar Obunga: Karo yako, mimi je? Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, kiwandani tunauziwa mgongo wazi, mifupa iliyobaki. Tunauanika juani, tunaukaanga kwenye karai mpaka mifupa inavunjika mdomoni. Kama mbuta ni mharibifu, mharibifu anayeshiba ni nani?

Jatelo wa Dunga: Mama, kiwanda si changu. Mimi nalipwa kwa kilo, na mizani ni ya kwao.

Kijana wa Lanet: Jamani, nilikuwa nauliza kuhusu matangi. Mimi binafsi nakula ngege, wa kienyeji.

Bin Kilindini: Ngege wa asili kaadimika siku nyingi. Huyo wa kwenye sahani yako ni tilapia wa Nile, kaletwa miaka ileile ya 50. Mwenyeji wa kweli unayemla ni omena, yaani dagaa.

Kijana wa Lanet: Omena na ule uchungu wake? Kuleni nyinyi.

Jatelo wa Dunga: Wa Nakuru anachagua samaki! Naivasha si kaunti yenu? Kamba wa Louisiana walitiwa humo 1970, wakala majani ya ziwa, na watu wenu wakawauza. Tangi gani tena unaogopa?

Mstaafu Milimani: Hilo la Naivasha ni kweli. Lakini siku hizi hata hao wa ziwa ni hadithi. Friza zimejaa tilapia wa China.

Nyar Obunga: Si kwetu! Kisumu hatuuzi wa China.

Bin Kilindini: Dada, jana nimekula mmoja hapa hapa mjini. Ladha ya karatasi.

Nyar Obunga: Taja hoteli.

Bin Kilindini: Nitaje, kesho nile wapi?

Nyar Obunga: Basi umeongopa. Njoo Obunga kabla ya saa nne, uje na pesa taslimu, na usiombe kupunguziwa.