Mrejesho: Klabu ya jogingi kwa anayeanza, Dar

Wakuu, habari za siku. Niliuliza hapa ni klabu gani ya jogingi Dar inampokea mtu mzito, anayehema akipanda ngazi tu. Asanteni wote mliojibu, hata yule aliyenishauri nikanunue baiskeli.

Nilianza na kundi la Oysterbay mlilolisifia. Watu wastaarabu, ila "mwendo wa polepole" wa pale ni wa wanaojiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Kabla ya Daraja la Tanzanite nilikuwa naona migongo tu. Sikurudi.

Kilichonifaa ni ushauri wa dada aliyesema nitafute klabu ya mtaani huku kwetu Temeke. Wanakutana Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, mchakamchaka kwa nyimbo. Siri iko hapo: anayeimba hawezi kwenda kasi, kwa hiyo hata sisi wa nyuma tunafika. Tena kuna mzee mmoja kazi yake ni kukaa mwisho kabisa. Ukitembea, anatembea na wewe. Mkienda klabu yoyote, ulizieni kwanza kama kuna mtu wa namna hiyo.

Ile mbinu ya kukimbia dakika moja na kutembea mbili nayo imenisaidia katikati ya wiki. Ila kilomita 5 mfululizo bado. Goti la kushoto linalalamika, na viatu vya mtumba vya soko la Karume havijalitibu. Michango ya sare na misiba nayo ipo, mjiandae. Jumapili hii tunaalikwa Mbagala, wenyeji wanapika supu.